Ruhusa ya Marehemu

Barua ya kwanza aliyoikuta imekwisha kujibiwa ilitoka kwa mlinzi wa jengo la madaktari wa meno: lifti imekwama ghorofa ya tatu, ndani yumo mzee mwenye fimbo na kijana aliyebeba keki. Mama Chiriku aliisoma akiwa amesimama, taulo begani, povu la sabuni bado liko viwikoni, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumwogesha mtoto. Chini ya barua palikuwa na jibu. "Tumepokea. Mafundi wawili wako njiani. Mwambieni mzee akae chini, asisimamie fimbo."

Jibu zuri, fupi, la mtu anayeijua kazi. Lilikuwa limeondoka dakika nne nyuma, kutoka kwenye laptopu hiyohiyo iliyokuwa juu ya meza ya kulia chakula. Dakika nne nyuma yeye alikuwa bafuni anamwagia mtoto maji, mguu wa mtoto umevikwa mfuko wa plastiki na kuning'inizwa nje ya beseni ili plasta isilowe.

Alijiuliza kama amejibu mwenyewe akasahau. Inawezekana. Juzi tu alikuwa ametia chumvi kwenye chai akainywa mpaka nusu kikombe. Akajifuta mikono, akavuta kiti, akaendelea na barua iliyofuata.

Kazi yake ilikuwa karani wa malalamiko katika kampuni ya kutengeneza lifti. Lifti ikikwama popote mjini, mtu anaandika barua pepe, na karani ana nusu saa kujibu na kutuma mafundi. Kazi haikuwa na shida mpaka siku binti yake, mtoto wa miaka minane ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alipoteleza kwenye ngazi za shule akavunjika mfupa wa paja. Walimfunga plasta ngumu kutoka nyonga hadi vidole, wakasema wiki nane. Baba yake Chiriku alikuwa mtu wa safari, na miaka hii safari zake zilikuwa za kwenda tu.

"Nakupa wiki moja," bosi alimwambia. "Ya pili nitatangaza nafasi yako."

"Bosi, mtoto hawezi hata kwenda chooni peke yake."

"Na wateja wangu hawawezi kutoka kwenye lifti peke yao."

Ndipo alipomwendea Nyaya. Nyaya alikuwa fundi wa kompyuta wa ofisi, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama, ambaye hakukosa kipande cha waya mfukoni na njugu mdomoni. Mama Chiriku alimwomba amwezeshe kusoma barua za kampuni akiwa nyumbani.

"Si rahisi hivyo, dada," Nyaya alisema huku akitafuna. "Barua zinakaa ndani ya seva, lile kabati la chuma linalovuma kule nyuma. Mbele yake kuna ukuta. Si wa matofali. Ni mashine inayomkagua kila anayegonga kutoka nje. Hujaandikwa, hupiti. Na ruhusa za kupita kutoka nje ziko kumi tu, zote zina wenyewe. Bosi hataki kusikia habari ya kumi na moja."

"Basi nikaombe kazi ya kufagia."

"Subiri kwanza. Kuna moja ya marehemu."

Marehemu alikuwa karani mwenzake, meza yao ilikuwa moja. Kwa miaka kumi na mmoja mama yule alijibu malalamiko ya mji mzima, na saa nne asubuhi alikuwa amemaliza na kuanza kusuka vitambaa vya makochi. Walimwita Mikono Minne. Mwaka wake wa mwisho alikonda mpaka pete ikamponyoka kidoleni, na hata akiwa anakula, vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vikigongagonga paja kana kwamba anaandika. Asubuhi moja mfagiaji alimkuta kifudifudi juu ya meza. Moyo, daktari alisema. Kiti chake kilikuwa bado kitupu miezi mitano baadaye.

"Si ufute jina lake uandike langu?" Mama Chiriku aliuliza.

"Nikilifuta, na ruhusa inakwenda nalo. Wewe ingia kwa jina lake. Barua zikitoka zinatoka kwa jina la idara, nani atajua?" Nyaya alirusha njugu mdomoni. "Yeye mwenyewe haitumii."

Walicheka wote wawili.

Kulikuwa na jambo moja la kero. Kila alipoingia, simu yake ililia na kumwuliza: Je, ni wewe unayeingia? Chini yake kulikuwa na maneno mawili, Ndiyo na Hapana. Na kwa kuwa mtandao wa nyumbani ulikuwa unakatika kama uzi mbovu, simu iliuliza mara ishirini kwa siku, hasa akiwa ameshika sufuria au yuko nje anaanika. Siku ya pili akachoka. Alimpa Chiriku simu pale alipolazwa kwenye kochi.

"Shika, chezea. Ikiuliza, bonyeza Ndiyo."

"Hata kama wewe hauko kwenye kompyuta?"

"Chiriku."

"Nauliza tu, mama. Nitajuaje kama ni wewe kweli?"

"Nani mwingine atake kusoma habari za lifti? Ikiuliza, bonyeza. Usinitie maswali, nina kazi."

Mtoto akabonyeza. Siku ile alibonyeza mara ishirini na mbili, na kila mara alitangaza kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

Baada ya ile barua ya mzee wa fimbo, siku iliyofuata Mama Chiriku alikuta tatu zimejibiwa. Kesho yake tisa. Wiki ya pili ilipoanza, akifungua laptopu asubuhi hakukuta kazi ya kufanya zaidi ya kusoma majibu. Alidhani ni Nyaya anamsaidia kwa huruma. Hakumwuliza. Mtu akikutua mzigo kichwani, humshiki shati kumwuliza ametoka wapi. Bosi akapiga simu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Umekuwa kama marehemu enzi zake," alisema. "Endelea hivyohivyo."

Kwa mara ya kwanza tangu ngazi zile za shule, alilala mchana. Alilala saa mbili nzima, mdomo wazi, akaamka na alama za mto shavuni, akajisikia mtu.

Huko kwenye kochi, Chiriku alikuwa ameacha kutangaza.

Haikuwa ghafla. Kwanza aliacha kusimulia ndoto zake asubuhi, kisha akaacha kuuliza chakula ni nini, kisha siku moja jirani alipita dirishani akasema, "Leo kuna amani humu, chiriku wenu karuka?" ndipo Mama Chiriku alipotambua kwamba tangu asubuhi hajasikia neno. Alimkuta mtoto amelala chali, macho kwenye dari, simu kifuani. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinagongagonga kitambaa cha kochi, haraka, moja moja.

"Mama'ngu, una nini? Mguu unauma?"

"Unakunwa."

"Unawasha? Ngoja nikuletee sindano ya kufumia nikukune kwa ndani."

"Hauwashi," mtoto alisema polepole. "Unakunwa. Ananikuna kwa ndani."

"Nani?"

"Yule anayeuliza. Sasa hivi hata simu hatumii. Ananiuliza tu hapa sikioni, 'Naingia?' Nami nasema ndiyo."

Mama Chiriku alimpapasa kipaji. Kilikuwa baridi. Akajiambia ni dawa za maumivu. Akajiambia ni kulala sana. Lakini alipoinama kumwekea mto vizuri alisikia harufu, harufu ya waya ulioungua, na nyuma yake harufu nyingine ya nywele mbichi zilizofungiwa kabatini siku nyingi, na haikutoka kwenye ukuta wala kwenye laptopu, ilitoka kwenye tundu la juu la plasta, pale plasta inapoachana na paja.

Ilikuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa kali nje, redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, mtu fulani alikuwa anapiga misumari mahali, mambo yote ya dunia yalikuwa yanaendelea kama kawaida. Alipiga magoti kando ya kochi akaweka sikio juu ya plasta, kwanza akasikia tu moyo wake mwenyewe, kisha nyuma ya moyo akasikia mlio mdogo mkavu, tik, tik-tik, tik, mlio ambao alikaa nao meza moja miaka sita na angeutambua hata usingizini, mlio wa kucha ndefu zikiandika haraka juu ya vitufe, ukitoka ndani ya plasta, ukiteremka kutoka gotini kwenda kwenye kifundo cha mguu na kurudi, kama mtu anayeandika mstari na kuanza mwingine, na kila ulipofika mwisho wa mstari, mtoto alikunja uso kidogo bila kulia, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagonga meza. Laptopu juu ya meza ilikuwa imefunikwa, lakini mwanga ulikuwa unapenya kwenye ufa wake. Akaifunua.

Barua mpya ya malalamiko ilikuwa imepokelewa, imeandikwa kwa mtindo uleule wa ofisi.

Jengo: kwako. Ghorofa: chini. Aliyenaswa ndani: mtoto mmoja.

Na chini yake, jibu limekwisha kutumwa. "Tumepokea. Msimtoe."

Alimpigia Nyaya.

"Nyaya, nani mwingine anaingia kwa ruhusa hii?"

"Salamu kwanza, dada."

"Nani anaingia!"

Alimsikia akiacha kutafuna. Vitufe vililia upande ule. "Ni wewe tu. Leo saa sita, saa saba, saa saba na nusu. Zote zimethibitishwa na simu yako."

"Saa saba na nusu nilikuwa nimelala."

"Basi kuna mtu kabonyeza." Sauti yake ikashuka. "Dada, hapa pana kitu cha ajabu. Wewe ukiingia, njia inaanzia kwako kuja huku. Hizi nyingine... zinaanzia huku. Kwenye kompyuta ya marehemu. Zinakuja kwako. Na ile kompyuta niliichomoa umeme siku ya mazishi."

"Funga."

"Nifunge nini?"

"Funga huo mlango, Nyaya! Funga yote!"

Akafunga. Mwanga wa laptopu ukazimika. Kwa muda wa pumzi tatu nyumba ilikuwa kimya, na Mama Chiriku alidhani ameshinda. Halafu Chiriku aliketi kitako peke yake, jambo ambalo plasta ile haikuruhusu, na kitu ndani yake kikalia kama kuni kavu ikivunjwa. Akafungua mdomo. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, yenye adabu, iliyochoka kidogo, sauti iliyojibu malalamiko ya mji mzima kwa miaka kumi na mmoja.

"Idara ya malalamiko, nikusaidie nini?"

"Mtoto wangu," Mama Chiriku alinong'ona.

"Kwa nini umefunga mlango," sauti iliuliza, "na mimi nimo?"

Jirani wa dirishani ndiye aliyemleta fundi cherehani. Mtaa wa pili kulikuwa na mama mmoja aliyeshona sare za shule, na watu wenye mambo yasiyosemeka hospitalini walimwendea kwa mlango wa nyuma. Alikuja magharibi, chetezo mkononi, pini tatu zimebanwa mdomoni. Alikuwa mnene, na kifua kilimbana. Hakusalimia. Alimtazama Chiriku aliyekuwa anatabasamu tabasamu lisilo lake, akatazama plasta, akatazama laptopu.

"Kila kitu siku hizi," alisema pembeni ya pini. Akaweka ubani juu ya makaa.

Moshi ulipanda ukanyooka kuelekea kwenye plasta na kuingia tunduni, wote, bila kutawanyika, kama unavutwa na pumzi.

"Wewe nani?" fundi cherehani aliuliza.

"Mimi mfanyakazi."

"Nani alikuajiri?"

"Mikono Minne, aliyekuwa kiti changu. Alichoka, akaomba mikono. Nikampa mikono. Akanilipa kwa mwili wake, mpaka ukaisha. Nikabaki kule nyuma ya ukuta, hakuna atokaye kwa jina lake, nami bila jina lake sipiti." Kichwa cha mtoto kiligeuka taratibu kikamwelekea mama yake. "Halafu mwingine akaanza kupita kwa jina lake."

"Huyu hakukuomba kitu."

"Alichoka. Nilimfanyia kazi, akalala usingizi mzuri. Hakuuliza nani anafanya. Ujira nilimwomba mtoto. Kila siku nilimwuliza, naingia? Mtoto akasema ndiyo. Mara mia na arobaini. Mimi siingii bila ruhusa."

"Toka."

"Nitoke wapi?" jini lilisema kwa upole. "Mmefunga."

Fundi cherehani alimvuta Mama Chiriku hadi jikoni. Alitoa pini mdomoni, na hapo ndipo Mama Chiriku alipoona kwamba midomo ya mama yule inatetemeka.

"Sikiliza, mwanangu. Linakula mfupa. Limeanzia unyayoni, sasa liko gotini. Kesho jioni litafika nyonga. Likipanda mgongoni usinitafute, nitakuwa sina la kushona."

"Litoe! Si kazi yako?"

"Kazi yangu kushona. Ukiniletea nguo iliyotoboka, kiraka nakikata kwenye kitambaa kingine. Hakuna kiraka kinachotoka hewani. Jini la kazi halitolewi likapotea, linahamishwa. Lazima mlango ufunguliwe, na upande wa pili awepo mtu atakayeulizwa akakubali kwa mkono wake mwenyewe."

"Basi mimi. Niulize mimi. Mimi nakubali."

Kutoka sebuleni lilikuja cheko dogo la ofisini, la mtu aliyesikia mzaha wa bosi.

"Wewe?" sauti ilisema. "Wewe umekwisha kuliwa. Sijui nani, lakini hakubakiza kitu."

Fundi cherehani hakucheka. Mama Chiriku alisimama ameshika ukingo wa sinki, na akili yake ikaanza kufanya kile ilichozoea kufanya, kupanga. Bosi? Bosi hajawahi kubonyeza kitu maishani mwake, barua zake anasomewa. Nyaya? Tangu mchana simu yake haipokelewi.

Wakati huohuo simu ikalia. Alikuwa Nyaya.

"Dada, samahani, nilikuwa nahema kwanza. Sikia. Dada wa mapokezi amenipigia. Likizo yake ya uzazi inaisha, na bosi amemwambia yaleyale aliyokwambia wewe. Anaomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani. Na hapa isiyo na mwenyewe ni ile tu. Nimwambie hakuna, au? Wewe ndiye uliyeitumia. Ina shida, haina shida? Labda ni mashine tu imechoka."

Dada wa mapokezi. Siku ile ya hospitali walikutana, yeye kaja kliniki na mtoto wake mchanga; lifti ya hospitali ilikuwa mbovu, nao wawili, watu wa kampuni ya lifti, walicheka mpaka machozi, kisha yule binti, mtoto amefungwa kifuani, akamsaidia kumteremsha Chiriku ghorofa nne, yeye akiwa ameshika upande wa mguu mbovu, akihesabu ngazi kwa sauti ili mtoto asiogope. Sasa mtoto yule alikuwa wa miezi miwili, na shingo yake ilikuwa bado haijakaza.

"Likienda kwenye nyumba," Mama Chiriku alimwuliza fundi cherehani, kiganja kimeziba simu, "linamkaa nani? Aliyebonyeza?"

"Linakaa palipo laini."

Sebuleni kitu kililia tena kama kuni, na safari hii Chiriku mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe ndogo, alisema, "Mama." Mara moja tu.

Mama Chiriku aliondoa kiganja.

"Haina shida," alisema. "Mtandao wangu ndio uliokuwa mbovu. Mpe. Inafanya kazi vizuri sana."

Fundi cherehani akarudisha pini zake mdomoni moja moja, akachukua chetezo chake kikiwa bado na moto.

"Mimi sikuwepo," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Usiku ule hausimuliki sana. Mama aliketi sakafuni ameshika kidole gumba cha mguu wa mtoto, kwa kuwa hicho ndicho pekee alichoweza kukishika, na kila ule mlio ulipopita chini ya plasta alihisi kidole kinalegea kama mshumaa karibu na moto. Saa nne asubuhi Nyaya alipiga. Alikuwa amewaunganisha wote watatu kwenye simu moja.

"Dada, hebu msaidie mwenzio hatua za mwisho, wewe unazijua. Mimi nafungua huku."

"Shikamoo dada!" Dada wa mapokezi alikuwa na furaha. "Yaani mmeniokoa. Chiriku hajambo? Bado anaongea kama redio?"

"Hajambo."

"Mwambie shangazi yake kapata cheo, anafanya kazi na nguo za kulalia. Haya, nimeandika neno la siri. Sasa?"

Laptopu juu ya meza ya Mama Chiriku iliwaka, hakuna aliyeigusa. Harufu ya waya ikajaa chumba. Ndani ya plasta ule mlio ulisimama, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa nje.

"Subiri," Mama Chiriku alisema. "Simu itakuuliza."

Walisubiri. Kwenye simu alisikia kitu kidogo kinanyonya, kinapumzika, kinanyonya, na pumzi ndogo ya puani ya mtoto ambaye ameshiba nusu, na alisikia mkono wa mama ukimpigapiga mgongoni, na akajua, kwa jinsi mama anavyojua, kwamba mtoto yule amelazwa mkono wa kushoto na simu imeshikwa wa kulia, na kwamba kama angesema neno moja, neno lolote, funga, zima, kimbia, binti yule angetii bila kuuliza kwa sababu alimwamini, na kochini macho ya Chiriku yalikuwa yamemkodolea yeye, meusi yote, bila weupe, yanangoja kwa adabu.

"Imeuliza!" dada wa mapokezi alisema. "Inasema, je, ni wewe unayeingia. Nibonyeze Ndiyo?"

"Bonyeza, mdogo wangu."

Kilichotokea hakikuchukua muda. Plasta ilipasuka ufa mmoja kutoka nyonga hadi kifundo. Kitu kama upepo wa moto kilipita juu ya meza, glasi ikaanguka, na laptopu ikazima. Chiriku alipiga ukelele, ukelele wa mtoto mwenye mguu uliovunjika, mbaya, wa kweli, na mama yake alimrukia akamkumbatia huku naye analia, na wakati wote huo kwenye simu iliyokuwa sakafuni sauti ya furaha ilikuwa inasema, "Imefunguka, dada! Eh, barua zote hizi! Ahsante sana. Mungu akulipe."

Hospitali walikata plasta iliyobaki. Daktari alitazama mguu, akamwita mwenzake, wakatazama wawili. Ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na ngozi yote kuanzia goti ilikuwa na mistari ya vijishimo vidogo, sawasawa, kama ukurasa. Walimlaumu mama kwa kumkunia mtoto kwa sindano. Alikubali lawama. Mfupa umeunga, walisema, lakini umeunga mfupi. Atatembea. Atachechemea.

Mwezi haukupita, Mama Chiriku alikuwa amerudi ofisini, kwenye meza nyingine aliyoiomba karibu na dirisha. Hakuna aliyemwuliza sababu. Nyaya naye hakuja tena kula njugu upande ule.

Jumamosi alimpeleka mtoto kwa fundi viatu, aongezewe soli upande mmoja. Chiriku alikaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, mguu umenyooshwa, akawa anamwuliza fundi gundi inatengenezwa na nini, na kwa nini haigandi ndani ya kopo lake, na kama ng'ombe anajua kwamba atakuwa kiatu. Fundi alijibu mawili akaacha la tatu. Simu ikalia. Mama Chiriku aliangalia nani, akasogea hatua tatu pembeni.

"Dada, samahani nakusumbua siku ya mapumziko." Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayezungumza huku ameziba mdomo. "Naomba kukuuliza kitu. Wewe ulipokuwa unaitumia hii ruhusa... kuna jambo lolote lilikuwa linatokea nyumbani?"

"Jambo gani?"

"Sijui hata nisemeje. Mtoto hanyonyi. Halii, dada, siku ya nne leo halii. Amelala tu anatazama dari, na vidole vyake, vya mkono mmoja tu, vinachezacheza."

Gari la maji lilipita barabarani. Mama Chiriku alingoja lipite.

"Na barua zinajibika?" aliuliza.

"Zinajibika. Hata sielewi zinajibikaje. Bosi amenisifu."

"Basi. Wachanga ndivyo walivyo, mdogo wangu, ni gesi tumboni. Mkande tumbo kwa kitambaa cha moto. Kwangu hakukuwa na kitu."

"Kweli, dada?"

"Kweli."

Aliizima simu, akaitoa betri, akavitia vyote viwili kwenye mkoba, akarudi. Fundi viatu alikuwa ameinua kiatu kidogo cha kushoto usawa wa macho, amebandika kipande cha mpira chini ya soli.

"Hivi yatosha, mama?"

Alikichukua akakipima kwa vidole vyake mwenyewe, kimoja, viwili.

"Bado," alisema. "Ongeza."